Jibu: kwa nini mpwa wako amezaliwa na kromosomu 47

Umeuliza kama mpwa wako amezaliwa na hali ya Down (inayotokana na kromosomu namba 21 ya ziada) kwa sababu wazazi wake ni watoto wa ami, au kwa sababu dada yako alikula kitu asichostahili akiwa mjamzito. Nimehudumu katika kliniki ya wajawazito hapa Lamu kwa miaka mingi, na maswali hayo huulizwa zaidi na mavyaa kuliko waume. Jibu la yote mawili ni hapana.

Seli ya mwili ina kromosomu (nyuzi ndogo zinazobeba jeni za urithi) 46, yaani jozi 23, na yai au mbegu ya kiume hupatikana kwa mgawanyiko wa hatua mbili unaobakiza kromosomu moja tu ya kila jozi. Kromosomu za namba 21 zikishindwa kutengana, yai hubaki nazo mbili, na likirutubishwa mimba huanza na tatu, jumla 47, kama alivyotangaza daktari Jérôme Lejeune na wenzake nchini Ufaransa mwaka 1959. Chakula cha mjamzito hakiwezi kuleta kosa hilo wala kuliondoa.

Mara nyingi kosa hutokea upande wa yai. Mayai ya mwanamke huanza kugawanyika yeye mwenyewe angali tumboni mwa mamake, kisha mgawanyiko husimama, usiendelee mpaka yai linapokomaa, pengine miaka 20 au 40 baadaye. Muda huo wote protini zinazoshikanisha kromosomu huzidi kudhoofika, na ndiyo maana uwezekano, ambao ni takriban 1 kati ya 1,500 kwa mama wa miaka 20, hufikia 1 kati ya 100 kwa mama wa miaka 40. Hata hivyo, wengi wa watoto hawa niliowapokea mama zao walikuwa vijana, kwa kuwa vijana ndio wanaozaa zaidi.

Kuoana watoto wa ami huongeza hatari ya maradhi kama selimundu, ambayo mtoto hurithi jeni yenye kasoro kutoka kwa kila mzazi. Hilo ni jambo jingine.

Kromosomu nyingine zikikosea, mimba kwa kawaida hutoka mapema, na karibu nusu ya mimba zinazotoka katika miezi mitatu ya kwanza zina kasoro ya namna hii, ingawa lawama huangukia ndoo ya maji aliyoibeba mama.

Ombeni kipimo cha kromosomu. Katika watoto 3 au 4 kati ya 100 wenye hali hii, kromosomu 21 ya ziada huwa imeungana na nyingine, na huenda ikawa imetoka kwa mzazi mwenye afya kamili. Hapo wazazi nao wapimwe kabla ya mimba nyingine. Uchunguzi wa moyo wa mtoto usisubiri majibu hayo, kwani karibu nusu ya watoto wenye hali hii huzaliwa na kasoro ya moyo.