Maswali ya Wasomaji: Mbona Picha Zangu Zinatoka na Giza?

SWALI: Mimi ni mpiga picha za harusi. Kwenye kompyuta picha zinapendeza, lakini zikirudi kutoka kwa mchapaji zina giza. Suti ya bwana harusi imegeuka doa jeusi, huoni kola wala vifungo. Mchapaji anasema faili zangu ni mbovu, mimi nasema mashine yake. Nani mkweli?

JIBU: Ndugu yangu, kazi yangu ya kila siku ni kupokea faili za wapiga picha na kuziandaa kwa uchapaji, kwa hiyo ubishi huu naujua vizuri. Mara nyingi tatizo haliko kwenye kamera wala kwenye mashine. Liko kwenye mwanga wa kioo cha kompyuta yako. Kioo kinawaka chenyewe, karatasi haiwaki. Inategemea mwanga wa chumba ilimo. Vioo vingi huja vikiwa vimewekwa mwanga mkali kupita kiasi. Ukihariri mbele yake, jicho linakuambia picha imeng'aa vya kutosha, na wewe unaitia kivuli zaidi. Mashine haijui ulichokiona. Inachapa kilichomo ndani ya faili.

Anza kwa kupunguza mwanga huo. Kwa kazi ya uchapaji, wengi tunauweka kati ya kandela (kipimo cha ukali wa mwanga) 80 na 120 kwa kila mita ya mraba, na weupe wa kioo kwenye kelvini 6500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga). Kukadiria kwa macho ni kupiga ramli. Kipo kifaa kidogo kinachowekwa juu ya kioo, kinasoma rangi moja baada ya nyingine, kisha kinatengeneza profaili, yaani faili inayoeleza jinsi kioo hicho kinavyoonyesha rangi. Kama unaweka akiba ya lenzi mpya, nakusihi ununue hiki kwanza. Halafu usihariri penye jua linaloingia dirishani, wala ukiwa umevaa shati jekundu; wekundu wake unaakisi kwenye kioo na kuyadanganya macho.

Sasa turudi kwenye ile suti. Katika faili ya kawaida, weusi kamili ni 0 na weupe kamili ni 255. Tuseme kitambaa cha suti kiko kwenye 6, kola 10, vifungo 14. Kioo chenye mwanga mkali kinazitenganisha namba hizo, ndiyo maana wewe unaona kila kitu. Karatasi haiwezi, hasa ile isiyong'aa, ambayo weusi wake haufikii kina cha karatasi ya kung'aa. Zote tatu zinamezwa na wino na kuwa kitu kimoja.

Dawa ni kumwomba mchapaji profaili ya ICC (muundo wa kawaida wa profaili za rangi) ya karatasi na mashine atakayotumia. Iweke kwenye programu yako ya kuhariri, uwashe onyesho la uchapaji (soft proof). Picha itapoa mbele yako: weusi utakuwa kijivu kizito, rangi kali zitatulia. Usishtuke, hivyo ndivyo karatasi itakavyoitoa. Hapo ndipo unainua vivuli vya suti taratibu mpaka kola ionekane tena, ukifanya hivyo kwenye nakala ya kuchapa tu. Kisha omba kipande cha majaribio kwenye karatasi ileile, chenye suti, gauni jeupe na uso wa mtu. Kiache kikauke, ukitazame kwenye mwanga unaofanana na wa mahali picha itakapotundikwa. Kipande hicho kitakuonyesha mengi kuliko maelezo yangu yote haya.

SWALI: Niliambiwa nilete picha ya 300. Nikabadilisha namba kwenye programu ikawa 300, bado mchapaji akaikataa. Kwa nini?

JIBU: Kwa sababu namba hiyo peke yake haiongezi hata pikseli moja, yaani kile kidoti kidogo cha rangi kinachounda picha. Inaeleza tu pikseli ngapi zitawekwa ndani ya inchi moja. Zihesabu pikseli zenyewe. Kamera ya megapikseli 24 hutoa takriban 6000 kwa 4000. Gawanya kwa 300 unapata inchi 20 kwa 13, na hapo uko salama. Ukurasa wa A4 unahitaji 2480 kwa 3508. Bango la kutazamwa kwa mbali linaridhika hata na pikseli 150 kwa inchi. Picha iliyopita WhatsApp kama picha ya kawaida huwa imeshapunguzwa, kwa hiyo itume kama hati.

Angalia na umbo pia. Picha ya 3 kwa 2 ikijaza karatasi ya inchi 8 kwa 10, inchi 2 za urefu zinakatwa. Kwenye picha ya ukoo, anayepotea ni shangazi aliyesimama pembeni. Kata mwenyewe, usimwachie mchapaji aamue.

SWALI: Mteja wa zamani amerudi, anataka picha ileile lakini kubwa. Nimebaki na JPEG ndogo niliyompelekea mchapaji. Nifanyeje?

JIBU: Tafuta faili ghafi ya kamera (RAW), uhariri upya. Kama haipo, programu za kukuza picha zitasaidia kidogo. Mwambie mteja ukweli kabla hajalipa.

Kuanzia leo, kila picha unayoithamini iwe na faili mama: TIFF (aina ya faili isiyopoteza ubora inapohifadhiwa) ya biti 16, yenye ngazi nyingi zaidi za rangi, ukubwa kamili, bila kunolewa, yaani kuongezewa ukali wa kingo, kwa ajili ya karatasi yoyote. Kunoa ni hatua ya mwisho, kwa sababu karatasi isiyong'aa hunywa wino na huhitaji kunolewa zaidi. Nakala za kuchapa zinatoka kwa huyo mama, na jina la kila nakala lionyeshe tarehe, tukio, namba, kipimo na karatasi. JPEG hupoteza kitu kila unapoihariri na kuihifadhi upya, basi isiwe ndiyo akiba yako. Weka nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba au ofisi.

Na CMYK, mfumo wa rangi za wino wa uchapaji, usiiguse mpaka mchapaji aiombe na akupe profaili yake. Asiposema lolote, peleka sRGB, mfumo wa kawaida wa rangi za kioo, profaili ikiwa imeambatanishwa ndani ya faili.