Kifaa cha kubandika tumboni kwa wanaozidisha unga: mimi ningekivaa

Mkuu, umeuliza kama kile kifaa cha tumboni kinachomchoma mtu dawa chenyewe akizidisha unga, yaani heroini, kingetufaa huku Dar. Nakujibu kama mtu niliyekula unga miaka tisa, Magomeni na Kigogo, na sasa kila asubuhi nakunywa methadoni, dawa ya kuachia unga.

Unga unaua kimyakimya, ubongo unasahau kuvuta pumzi. Jamaa yangu alitoka mahabusu baada ya miezi minne, mwili umeshauzoea ukavu, akajidunga kipimo kilekile cha zamani, peke yake, chumba cha ndani kwenye pagala. Sisi tulikuwa nje, hatua kumi tu. Tulimsikia akikoroma. Tukasema mwacheni, amekolea. Nilipoingia kuomba kiberiti, midomo ilikuwa kama imepakwa wino, kucha vilevile. Tulimmwagia ndoo nzima ya maji. Wapi!

Ndiyo maana kifaa kile kilinigusa: kinasikiliza pumzi wakati wenzako wako barazani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walitoa matokeo yake 2021. Kinahisi mwili unavyotikisika mtu akipumua. Pumzi ikikatika, kinachoma naloksoni, dawa inayouondoa unga pale ulipojishikiza kwenye ubongo. Huko Vancouver, Kanada, watu 25 walikivaa wakijidunga chini ya uangalizi, ili kisomwe mwenendo wa pumzi tu, bila kuchomwa. Waliochomwa ni watu wenye afya njema hospitalini, walioambiwa wabane pumzi sekunde 15. Kwa hiyo bado ni safari.

Ningekivaa? Siku zile, ndiyo. Ila nawajua wenzangu. Mtu mwenye arosto, yale mateso ya kukosa unga, anauza hadi ndala za miguuni, sembuse kitu chenye betri. Halafu naloksoni huisha nguvu mapema, pengine ndani ya saa moja, na unga ukiwa bado mwilini mtu anazama tena. Tena anaamka na arosto kali, anataka kete nyingine hapohapo. Lazima awepo mtu wa kumshika.

Na naloksoni yenyewe si ngeni, Marekani iliidhinishwa tangu 1971. Shirika la Afya Duniani lilishauri 2014 kwamba wanaoweza kumkuta mtu amezidisha wawe nayo na wafundishwe kuitumia. Mimi ningeanzia hapo: ifike maskani, mkononi mwa yule mmoja wa kijiwe ambaye wote wanamwamini. Kila kijiwe kinaye.

Wewe mwenye ndugu anayetumia, mwombe asijifungie. Ukisikia mkoromo wa kukwamakwama, mtikise, mwite jina. Asipoamka na pumzi hazionekani, mpulizie mdomoni. Zikirudi, mlaze ubavu, tafuta bajaji muende hospitali, na umwambie daktari ukweli wote alichotumia. Aibu ya kutaja unga ilitupotezea dakika nyingi sana siku ile.