Umeme au kompyuta: namna ya kupanga miaka minne ya uhandisi

Swali: Shikamoo mhandisi. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM, na matokeo yangu yananiruhusu kuomba uhandisi. Baba ni fundi wa kufunga nyaya majumbani na nimekuwa nikimsaidia tangu shule ya msingi, kwa hiyo umeme naupenda. Lakini napenda kompyuta pia, na nimeanza kujifundisha Python kwenye simu. Nimeona kwamba nchi za nje kuna shahada moja inayounganisha uhandisi wa umeme na wa kompyuta, ila vyuo vyetu vingi vimezitenganisha. Nichague ipi? Na miaka minne niipangeje nisije nikajuta? Mwisho, nikianza chuo bila laptopu nitaweza kweli? *(Msomaji, Singida)*

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongera kwa matokeo.

Kwa kuwa mzee wako ni fundi, naamini mwaka 2024 alipata majirani wengi waliotaka wasaidiwe mita ya LUKU. Wateja wa TANESCO walikuwa wakinunua umeme na kupewa namba za ziada za kuingiza kwanza kabla ya zile za kawaida, na mwisho wa zoezi ulikuwa tarehe 24 Novemba. Wengi waliingiza bila kuambiwa sababu. Sababu yenyewe ni hii: kila tokeni, yaani zile namba unazonunua, hubeba ndani yake muda iliotengenezwa, ukihesabiwa kwa dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993. Hesabu hiyo imetengewa biti 24, yaani nafasi 24 za sifuri au moja. Mbili 24 zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe unapata 16,777,216, na dakika hizo hazifiki hata miaka 32. Zilikuwa zinaishia siku hiyo ya Novemba. Baada ya hapo hesabu ingerudi sifuri, mita ingeziona tokeni mpya kuwa za zamani na kuzikataa. Namba za ziada zilibadilisha ufunguo wa siri ulio ndani ya mita ili kuhesabu kuanze upya. Haikuwa Tanzania peke yake. Ni mita zote duniani zinazofuata kiwango kinachoitwa STS.

Sasa niambie, hilo lilikuwa tatizo la umeme au la kompyuta? Mita hiyo hupima volti na mkondo mara nyingi sana ndani ya sekunde moja, huzidisha, hujumlisha, ikapata uniti. Hiyo ni kazi ya umeme. Halafu kuna prosesa ndogo inayopokea tarakimu 20 ulizobonyeza, inazigeuza kuwa biti 66, inafungua fumbo, inakagua kama tokeni imeshatumika, na mwisho inaamuru swichi iunganishe umeme taa ziwake. Mtu anayejua upande mmoja tu angeweza kutengeneza nusu ya kifaa hiki. Ndiyo maana wenzetu wameunganisha shahada, na chanzo chake ni cha siku nyingi: mwaka 1937 Claude Shannon, akiwa mwanafunzi wa MIT, alionyesha kwenye tasnifu yake ya uzamili kwamba saketi za rilei, swichi zinazoendeshwa kwa umeme, zinaweza kuchambuliwa kwa aljebra ya Boole, ile ya kweli na si kweli. Kompyuta za kidijitali zimejengwa juu ya wazo hilo, na lilitoka kwa mtu wa umeme.

Nakuja kwenye uchaguzi wako. Msimamo wangu ni kwamba chuo kikupe kile ambacho huwezi kujipatia ukiwa chumbani kwako. Kuandika programu unaweza kujifunza popote ukiwa na kompyuta, bando na uvumilivu. Lakini huwezi kuweka transfoma ya maabara chumbani, wala mota ya fezi tatu, wala osiloskopu ya kuonyesha umbo la ishara za umeme, wala mwalimu atakayekubana kwenye nadharia ya uga wa sumaku mpaka uielewe. Kwa hiyo mtu anayependa vyote viwili na hajaamua, namshauri achague uhandisi wa umeme, kisha aazime kompyuta kwa mpango maalumu. Nimeona wahandisi wa umeme wengi waliohamia kwenye programu wakiwa kazini. Waliotoka kwenye programu wakahamia kwenye jenereta na gridi ni wachache mno.

Ukijichunguza ukaona unachokipenda hasa ni namna prosesa inavyofanya kazi ndani, au mitandao na vifaa vinavyowasiliana, basi uhandisi wa kompyuta ni chaguo halali. Ila usome mtaala wenyewe, si jina la kozi. Ukikuta kuna saketi, elektroniki, mantiki ya dijitali, ishara na mifumo, na hesabu za miaka miwili, huo ni uhandisi. Ukikuta vitu hivyo vimepita mbio na kilichobaki ni tovuti na hifadhidata, hiyo ni TEHAMA. TEHAMA ni taaluma nzuri, lakini haitakufikisha kwenye mita ya LUKU niliyoieleza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha uhandisi wa umeme pale Mlimani, na uhandisi wa kompyuta Kijitonyama kwenye kampasi ya TEHAMA. DIT ya Dar es Salaam na MUST ya Mbeya nazo zina pande zote mbili. Chukua mitaala yao, iweke mezani, linganisha somo kwa somo.

Ukishaingia, jambo la kwanza la kupanga ni hesabu, na hapa nataka unisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoanguka. Masomo ya uhandisi yanategemeana kwa mnyororo. Kalkulasi na namba changamano za mwaka wa kwanza ndizo zinazofungua saketi za mkondo geu. Saketi zinafungua ishara na mifumo mwaka wa pili. Na ishara na mifumo ndiyo mlango wa udhibiti, mawasiliano, mashine na mifumo ya umeme mwaka wa tatu. Ukipata sapu ya hesabu mwaka wa kwanza ukaivuka kwa kukariri maswali ya zamani, hujavuka. Itakudai tena mwaka wa tatu, na safari hiyo itakuja na masomo manne kwa mpigo. Wanaodisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, mwaka wa tatu mara nyingi shida yao ilianza kwenye kalkulasi ya semesta ya kwanza.

Mnapofundishwa namba changamano kidato cha sita, zile zenye mzizi wa hasi moja, mwalimu mara nyingi haelezi ni za nini. Mwaka 1893 Charles Steinmetz alionyesha kwamba ukizitumia, hesabu ngumu za mkondo geu zinageuka kuwa kujumlisha na kuzidisha kwa kawaida. Chukua kinu cha kukamua alizeti cha hapo kwenu Singida. Mota yake ya fezi tatu inavuta kilowati 10 kwa volti 400, na pawa fakta yake, yaani sehemu ya umeme inayovutwa ambayo inafanya kazi kweli, ni 0.7. Piga hesabu: mkondo ni kama ampea 20.6. Funga kapasita zinazofaa jirani na mota, pawa fakta ipande mpaka 0.95, mkondo kwenye waya unaoileta unashuka hadi ampea 15.2. Kinu kinakamua vilevile, lakini joto linalopotea kwenye waya huo limepungua karibu nusu. Utajuaje kapasita za ukubwa gani? Kwa namba changamano. Na hizo hizo ndizo zinazotumika ndani ya simu yako kutenganisha ishara ya mnara na kelele.

Mfano mwingine mdogo, ambao ungekuwa mwanafunzi wangu ningekufanyisha wiki ya kwanza ya mwaka wa pili. Rezista ya kilo-omu 1 na kapasita ya maikrofaradi 1 zikiungwa pamoja ni kichujio: mabadiliko ya polepole yanapita, ya haraka, kuanzia kama hezi 159 kwenda juu, yanazidi kufifishwa. Sasa weka vifaa pembeni, pima ishara inayoingia kila baada ya sehemu moja ya kumi ya milisekunde, na uandike kwenye programu mstari mmoja tu: y = y + a(x − y), ambapo x ni kipimo kinachoingia, y ni kinachotoka, na a ni 0.09 hivi. Mstari huo unafanya kazi ileile ya rezista na kapasita. Siku utakapojenga vyote viwili, ukaweka matokeo yake kwenye skrini moja na kuona mistari imelaliana, swali lako la umeme au kompyuta litapungua uzito.

Kuazima upande wa pili nakusudia hivi. Mwaka wa kwanza jifunze lugha ya C vizuri. Python endelea nayo, ila C ndiyo itakayokufikisha kwenye maikrokontrola, zile kompyuta ndogo za chipu moja zinazokaa ndani ya vifaa. Mwaka wa pili nunua bodi ndogo, Arduino au ESP32, zipo maduka ya elektroniki ya Kariakoo, na kila wiki ujenge kitu kimoja kinachopima jambo halisi: joto, mwanga, mkondo. Mwaka wa tatu, kama chuo kinakuruhusu kuchagua, chukua uchakataji wa ishara za dijitali na mitandao ya kompyuta kabla ya kuchukua masomo mepesi ya kupandisha GPA. Nasisitiza hilo la mwisho. Najua presha ya GPA ilivyo, lakini chaguo ni nafasi chache sana ulizopewa, usizitumie kujipumzisha.

Mafunzo kwa vitendo ya likizo ndefu nayo yapange, usisubiri upangiwe mwishoni. Nenda sehemu tofauti kila mwaka: mara moja kwenye usambazaji au uzalishaji wa umeme, mara moja kiwandani kwenye mitambo inayoendeshwa kwa PLC (kompyuta ya kudhibiti mitambo), mara moja kwenye mawasiliano. Ukifika, omba kitengo cha matengenezo. Ofisini utatumwa kutoa fotokopi, kwenye matengenezo utaona vitu vimefunguliwa. Na nchi sasa ina vya kuonyesha. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115, na hakuna mtambo hata mmoja hapo unaoendeshwa bila kompyuta za udhibiti. Treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 inavuta umeme wa volti 25,000 kutoka juu, huku mfumo wa ishara na mawasiliano ukiamua iende au isimame.

Mradi wa mwaka wa nne uanze kuutafuta ukiwa kwenye mafunzo ya mwaka wa tatu, kutokana na tatizo uliloliona kwa macho. Kinu kisichojua kinatumia umeme kiasi gani kwa gunia ni mradi mzuri kuliko "nyumba janja" ya mia moja ambayo kila msimamizi ameshaichoka. Ila ukiingia kwenye volti za gridi usifanye peke yako, na kapasita kubwa usiiguse mpaka umeipima na kuhakikisha imeisha chaji, hata kama swichi imezimwa. Baba yako atakueleza zaidi kuhusu hili kuliko kitabu.

Kabla hujabonyeza kitufe cha kuomba, hakikisha mambo mawili: kozi imeidhinishwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na shahada yake inatambuliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Sheria inataka mtu anayefanya kazi kwa jina la mhandisi awe amesajiliwa. Ukimaliza utaandikishwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha kuna mpango wa ERB wa miaka mitatu wa kujifunza kazini chini ya usimamizi, SEAP, unaokupeleka kwenye mhandisi mtaalamu. Uuweke kwenye mpango wako tangu sasa, kwa sababu wapo wanaoshtuka wakiwa na miaka 30 kwamba hawajawahi kujisajili. Na kama hamu ya ile shahada ya pamoja haitakutoka, Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kina kampasi yake Kigali inayotoa uzamili wa uhandisi wa umeme na kompyuta. Huko ndiko utakapoviunganisha rasmi ukiwa na msingi mkononi.

Kuhusu laptopu: hutafeli. Mwaka wa kwanza ni hesabu, michoro, karakana na fizikia, na maabara za chuo zina kompyuta. Utaihitaji kwa dhati mwaka wa pili, na hata hapo ya mtumba yenye RAM ya GB 8 inatosha. Programu za kulipia usizihangaikie: LTspice ya kujaribia saketi, KiCad ya kuchora bodi na GNU Octave ya hesabu zote ni bure. Bumu la kwanza likitoka, nunua multimita nzuri kabla ya kitu kingine chochote, ya bei nafuu sana usichukue kwa sababu utaitumia kwenye volti 230.

Miezi hii kabla chuo hakijafungua, rudia sura ya namba changamano na ya kalkulasi kwa mkono, kalamu na karatasi, na uendelee kwenda saiti na mzee.