Seremala asiguse ubao kabla mikroonde haijafika nyumbani

Dada, mwambie seremala wako aweke msumeno chini leo hii. Umeuliza ukija kununua mikroonde mpya lita ngapi zinatosha familia ya watu sita, kama grili ina faida, kama rangi ya chuma ni bora kuliko nyeusi, na mashine ikae kimo gani kutoka sakafuni. Halafu mwishoni kabisa, kwa sentensi moja, umetaja kwamba kwa sasa mikroonde ya mezani uliyo nayo tayari ndiyo itakayoingizwa katika kabati jipya la jikoni kwako Himbi, huko Goma, ubao ukatwe uibane pande zote, na fremu ya mbao izungushwe mbele ili ionekane kama imejengewa humo. Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niache sahani yangu mezani na kuanza kuandika, kwa sababu hicho ndicho nilichokifanya mimi hapa Bukavu mwaka 2022, na hadi nilipomaliza kulipia ujinga wangu nilikuwa nimetumia dola 1,270 kwa ajili ya kupasha moto sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Nianze na aliyenipotosha. Muuzaji aliyeniuzia mikroonde yangu ya kwanza, kwa dola 130, aliniapia mbele ya wateja wengine kwamba mikroonde zote ni moja, na kwamba zile zinazoitwa za kupachika kabatini ni zile zile za mezani zilizovishwa fremu ili matajiri walipe mara tatu. Nilicheka naye. Nilijiona mjanja sana siku hiyo, mtu aliyegundua siri ya Wazungu. Nikampelekea seremala mashine, naye akaipima kwa futi upana, kimo na kina, akanijengea kabati refu la mbao ya muvula lenye rafu za MDF, yaani ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, kwa dola 450, akaacha nafasi isiyotosha hata kidole pembeni, na nyuma akafunga ubao mzima kwa sababu, alivyosema, kabati lisilo na mgongo ni aibu kwa fundi. Simlaumu. Kazi yake ilikuwa nzuri kiasi kwamba majirani walikuja kuitazama, na mimi niliwapokea kama mtu aliyeoa.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa za fahari. Wiki ya tatu mashine ikaanza kuzimika katikati ya kazi. Unatoa bakuli la sombe kwenye friji, unaweka dakika nane, na dakika ya sita sahani inaacha kuzunguka, taa ya ndani inazimika, hata saa ya mbele inapotea. Baada ya nusu saa inafufuka yenyewe kana kwamba hakuna kilichotokea. Wewe unaishi Goma, kwa hiyo unajua mtu wa Kivu akiona chombo kimezimika anawaza nini kwanza. Nililaani delestaji, yaani mgao wa umeme, miezi miwili mizima, nikailaani huku taa ya jikoni ikiwaka juu ya kichwa changu na friji ikinguruma pembeni. Nilipotambua hatimaye kwamba umeme ulikuwepo muda wote, bado sikujiuliza swali lililopaswa kufuata; nilienda kununua stabilizateri, kile chombo cha kunyoosha umeme, ya dola 90, kwa kuwa rafiki mmoja anayejua kila kitu aliniambia kwamba umeme wa mtaa wetu unacheza. Stabilizateri ilifanya kazi yake vizuri mno. Iliipa mashine yangu umeme ulionyooka kabisa wa kujichoma nao.

Sasa nikueleze kilichokuwa kinatokea, maana hakuna aliyenieleza. Mikroonde iliyoandikwa wati 800 haichukui wati 800 ukutani. Inachukua kama 1,200 au 1,300, na zile zisizofika kwenye chakula, yaani wati 400 na zaidi, zinageuka kuwa joto ndani ya magnetroni, ambayo ndiyo inayotoa mawimbi, na ndani ya transfoma inayoilisha. Joto hilo ni lazima liondoke, na anayeliondoa ni feni ndogo iliyofichwa nyuma ya bati: inavuta hewa ya jikoni upande mmoja na kuisukuma nje kupitia matundu ya upande mwingine. Mashine ya mezani imetengenezwa kwa kutegemea kwamba imezungukwa na chumba kizima. Ukiifungia katika sanduku la mbao, feni inavuta ile ile hewa iliyokwisha kuitoa, ya moto, kisha inaivuta tena ikiwa ya moto zaidi, mpaka swichi ya joto iliyomo ndani inakata umeme ili nyumba isiungue. Ile haikuwa delestaji, dada. Ilikuwa mashine yangu ikiomba msaada mara tatu kwa juma, nami nikiijibu kwa stabilizateri.

Ile ya kupachika kwelikweli imepangwa namna nyingine kuanzia kiwandani. Hewa yake inaingia na kutoka kupitia nyufa za fremu ya mbele, au inapita chini na nyuma katika uwazi unaoachwa makusudi kabatini, ikipanda kama moshi katika dohani. Fremu yake ni njia ya hewa, wala si pambo. Ndiyo maana hata wale watengenezaji wanaouza fremu ya kuvisha mashine zao za mezani huiuza kwa modeli maalumu, pamoja na mifereji yake ya hewa, na hawasemi kwamba itafaa mashine ya jirani. Fremu ya seremala wako, hata akiichonga maua, itakuwa kizibo tu.

Tena si joto peke yake. Feni hiyo hiyo hutoa pia mvuke wa chakula, na mvuke ukikosa mlango unaingia mbaoni. Jumapili moja mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Uvira, akataka kupika bugali mwenyewe, kwa sababu haamini mkono wa mtu mwingine. Akafungua kabati la juu ya mikroonde kuchukua unga wa muhogo, akaushika mfuko, akauachia. Mfuko ulikuwa na joto kama mtoto mwenye homa. Rafu ilikuwa imevimba ukingoni kama andazi, melamini nyeupe imebanduka na kujikunja, na ndani mlikuwa na harufu ya samaki wadogo, sambaza, za juma zima. Mama mkwe akaweka kiganja juu ya ubao, akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Baba Neema, hili kabati linaumwa?” Wote waliokuwepo wamelihifadhi swali hilo mpaka leo. Nikikohoa tu, kuna mtu nyumbani kwangu ataniuliza kama kabati linaumwa.

Kwa ukaidi nilijibu kwamba ni joto la msimu, katika mji huu wa baridi ulio mita 1,500 juu ya bahari. Jioni hiyo hiyo mashine ilinguruma kwa sauti nene ambayo sikuwahi kuisikia, ikatoa harufu ya vanishi inayoungua, na haikufufuka tena. Fundi aliyeifungua alinionyesha transfoma iliyokuwa nyeusi. Kwa njia, usimruhusu kijana yeyote wa mtaani aifungue mashine hizi kwa bisibisi na moyo mweupe: ndani mna kapasita inayoweza kubaki na volti zinazoua hata baada ya plagi kuchomolewa, na fundi anayejua kazi huanza kwa kuiondolea umeme huo kabla ya kugusa kitu kingine.

Usiku huo nilikitafuta kile kijitabu cha maelezo, nikakipata katika droo chini ya risiti za maji, bado kimo ndani ya plastiki yake. Ukurasa wa nne, kwa Kifaransa ambacho nilisomeshwa miaka mingi na wazazi wangu wakalipa minervali, yaani karo, kilieleza kwamba chombo hiki hakiruhusiwi kuwekwa ndani ya kabati, na kwamba kiachiwe sentimita 20 juu, 10 nyuma na 5 kila upande. Nilirudi dukani nacho mkononi. Muuzaji alikisoma polepole, akakubali kwa kichwa, akasema: “Lakini wewe hukuniambia kwamba utaifunga mlango.” Mtu aliyenieleza kwa kinywa chake kwamba zote ni moja! Kama ningekuwa na pumzi ningemjibu. Niliondoka, na tangu siku hiyo nikipita mtaa ule ninavuka barabara, si kwa hasira, bali kwa sababu bado anauza vitu vizuri na mimi ni dhaifu.

Ungedhani mateso yaliishia hapo. Nilijikaza nikaagiza mikroonde halisi ya kupachika, dola 380, ikaletwa na mtu aliyetoka Dubai, nikaifungua sebuleni kwa shangwe, na haikuingia. Kijumba changu, yaani ile nafasi ya mashine kabatini, kilikuwa na upana wa sentimita 47, kimo cha 30 na kina cha 40, kwa sababu kilikatwa kufuata umbo la ile marehemu. Mashine mpya ilitaka 56 kwa 38 kwa 55. Ilibidi kabati livunjwe kuanzia kiunoni kwenda juu, ubao wa mgongo utolewe, na rafu zilizovimba zibadilishwe. Dola 220 nyingine. Seremala alipokuwa akikata muvula wake mwenyewe alioupiga msasa kwa siku mbili, hakusema neno, na ukimya wake uliniuma kuliko bei.

Kwa hiyo, kabla ya lita, kabla ya grili, kabla ya rangi: mashine inunuliwe kwanza, ifike nyumbani kwa mwili wake, karatasi ya vipimo ifunguliwe mbele ya seremala, na ndipo ubao ukatwe. Muuzaji akikutumia picha kwenye simu, hiyo si mashine. Seremala akikwambia kwamba vipimo anavijua kwa kichwa, mheshimu, mpe chai, na umpe karatasi. Ndani ya katoni ya mikroonde ya kupachika kuna mchoro wa kijumba chenyewe, wenye namba za upana, kimo na kina, na mishale inayoonyesha mahali pa kuacha uwazi. Kama hakuna mchoro huo, mara nyingi umeuziwa ya mezani. Kwenye katoni za Kifaransa tafuta neno “encastrable”. Ukikuta “pose libre”, hiyo ni ya kukaa juu ya meza na ibaki huko.

Vipimo utakavyokutana navyo mara kwa mara katika mashine za Ulaya ni upana wa sentimita 56 kwa ndani katika kabati la 60, na kimo cha karibu 38. Zile zenye oveni ndani yake zinataka kimo cha 45. Kina ni 55 katika kabati refu la kusimama, ingawa kuna nyembamba zinazotosheka na 30 au zaidi kidogo katika kabati la ukutani. Usimpe seremala wako namba hizi azifuate. Nimeziandika ili ushtuke akikwambia 47. Prizi isiwe nyuma kabisa ya mashine, kwa sababu plagi inakula sentimita kadhaa za kina na mashine itabaki imechungulia nje kama ulimi. Iwekwe katika kabati la jirani, mahali ambapo mkono unafika bila kung'oa chochote. Ubao wa mgongo usiwepo mahali hapo, au ukatwe kama mchoro unavyoonyesha.

Kuhusu umeme sitasema mengi. Uwe unapata wa SNEL, shirika la umeme la taifa, au ule unaotoka kituo cha umeme cha Matebe, ni volti 220 na hezi 50, na hivyo ndivyo bamba la nyuma ya mashine linavyopaswa kusomeka. Ukiletewa ya Marekani ya volti 120 na hezi 60, kwa bei ya kukutoa machozi ya furaha, ikatae: kile kibadilisha volti watakachokuuzia pamoja nayo hakibadilishi hezi, na transfoma iliyotengenezwa kwa hezi 60 hupata joto kupita kiasi ikilishwa 50. Nami nimekwisha kuona transfoma nyeusi.

Lita 25 zinawatosha watu sita, mradi sahani yenu kubwa iweze kuzunguka ndani. Nenda dukani na sahani yenyewe chini ya mkono, wacha wakucheke. Na ile ya mezani uliyo nayo usiitupe, iache juu ya meza iendelee kupumua.

Kama seremala amekwisha kukata, usilie bado. Pima kijumba kwa ndani, si kwa nje, uniandikie hapa upana, kimo na kina, na uniambie kama nyuma pamefungwa, ili nikwambie kama kuna mashine inayoweza kuingia kabla hujamwita arudi na msumeno.