Jibu: Nataka kuachia uenyekiti wa tawi, wanachama hawanipi ushirikiano

Mkuu, pole. Umesema una miaka miwili kwenye uenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi hapo kiwandani, ukiita kikao wanakuja watu sita, ila mshahara ukichelewa simu yako haipoi. Kiti hicho nimekikalia, na niliachia. Sijutii, ila niliachia vibaya: nilitangaza kwa hasira pale getini, zamu ya usiku ikitoka. Hadi saa nne asubuhi ofisi ya utumishi ilishasikia kwamba "fulani anaacha kazi". Ilinichukua wiki nzima kulisafisha hilo.

Kwa hiyo andika barua. Mpe katibu wa chama wa ngazi ya juu yako. Mwajiri anapata nakala tu. Iseme wazi kwamba unaachia uongozi, ajira iko palepale. Kabidhi kwa maandishi mihutasari, muhuri na faili la malalamiko. Kama kuna mtu ameachishwa kazi na kesi yake unaishika wewe, usimwache hewani, maana mgogoro wa namna hiyo unatakiwa ufike CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi Tanzania) ndani ya siku 30.

Lakini kabla ya barua, wenzako wako wapi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu wawakilishi 10 kwa wanachama 21 hadi 100. Sisi tulikuwa 10 kwenye karatasi, kazini nilikuwa peke yangu (na mhazini, akipenda). Wagawie idara, kila mmoja abebe malalamiko ya kwake. Wakigoma hata hilo, barua ipeleke Jumatatu.