Swali la lugha: "Mtandao uko polepole", lakini ni mtandao gani?

SWALI: Mwalimu, hujambo? Mimi hupiga picha za harusi hapa Kisumu. Nyumbani, Manyatta, nina kikasha cha diski kilichounganishwa na ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, na humo ndimo ninamoweka kazi zangu zote. Kila Jumapili nikipeleka picha humo, gigabaiti 40 hivi, kazi huchukua saa nzima. Kompyuta inaonyesha kasi ya 11, ilhali mimi nalipia intaneti ya 20. Nilipigia simu kampuni inayonipa intaneti nikasema, "Mtandao wangu uko polepole kupakia mafaili." Wakapima, wakaniambia mtandao hauna shida yoyote. Mwenzangu anasema nilipaswa kusema "kuhamisha", mwingine anashikilia "kutuma". Je, lipi ndilo sahihi, na je, ni Kiswahili changu kilichoniangusha?

JIBU: Sijambo, dadangu. Sentensi yako haina kosa kubwa la sarufi. Shida ni kwamba maneno mawili ndani yake, mtandao na kupakia, yalimpeleka msikilizaji nje ya nyumba yako wakati hitilafu imo ndani.

Tuanze na mtandao. Neno hili ni la ukoo mmoja na kutanda. Mawingu hutanda juu ya ziwa kabla ya mvua ya jioni, na buibui ana utando wake. Kitu chochote kilichotandazwa na kuunganishwa ni mtandao: kuna mtandao wa mabomba ya maji, mtandao wa barabara, mtandao wa simu. Intaneti ni mmoja tu kati ya hiyo, ila kwa kuwa ndio tunaoulilia kila siku, umejitwalia jina lote. Kwako kuna mitandao miwili inayokutana kwenye ruta. Mmoja ni wa ndani, kati ya kompyuta na kikasha chako. Mwingine ni wa nje, kati ya ruta na kampuni. Picha zako hazitoki nje ya mlango. Ukichomoa waya wa nje kabisa, zitaendelea kwenda kwenye kikasha kwa kasi ileile ya 11. Kwa hiyo yule wa kampuni alikujibu kweli: mtandao alioufahamu yeye ulikuwa mzima. Neno lako lilihitaji kivumishi tu. Sema mtandao wa nyumbani, au mtandao wa ndani, na hakuna atakayekuelewa vibaya.

Kupakia nako kuna historia tamu. Pakia na pakua ni jozi, kama chomeka na chomoa, ziba na zibua. Kile kiishio -ua au -oa ndicho kauli ya kutendua, kinachogeuza tendo likarudi lilikotoka. Gatini hapa Kisumu, tangu reli ilipofika ziwani mwaka 1901, watu wamepakia na kupakua shehena, na jikoni mama hupakua ugali na mboga kutoka sufuriani. Teknolojia ilipokuja, intaneti ikachukua nafasi ya meli na sufuria: tunaipakia, tunaipakua. Mtu angeweza kutetea kusema unapakia picha kwenye kikasha, maana nacho kinabeba. Mimi singemsahihisha mwanafunzi aliyeandika hivyo. Lakini masikio ya Wakenya yamekwisha kuzoea kwamba kupakia ni kupeleka kitu intaneti, na ukizungumza na fundi, unachotaka ni aelewe.

Na kuhamisha? Mtu akihama Kondele kwenda Mamboleo, nyumba ya Kondele hubaki tupu. Ukihamisha picha, hazipo tena kwenye kompyuta. Ikiwa zimebaki huko na nyingine zimeingia kwenye kikasha, umenakili. Ajabu ya nakili ni kwamba asili yake ya Kiarabu hubeba maana zote mbili, kusafirisha na kunukuu. Kiswahili kikachagua ile ya pili, na nakala ikawa kitu kinachozaliwa huku cha kwanza kikibaki. Naipenda tofauti hii, nami nakuomba uilinde, kwa sababu kwa mpiga picha si ya darasani. Anayehamisha harusi ya watu kisha umeme ukapotea katikati ana wasiwasi ambao anayenakili hana. Kutuma kuache kwa mtu anayempelekea mwenzake. Kuhawilisha, jamaa ya hawala, ni neno zuri la nyaraka, lakini kwenye simu litakupotezea dakika.

Sasa hizo nambari zako, 11 na 20. Hapa ndipo penye jibu la hitilafu yenyewe, nalo limejificha katika irabu. Intaneti unayolipia hupimwa kwa megabiti. Kompyuta inaponakili hupima kwa megabaiti. Baiti moja ni biti 8. Mtaani sote tunasema "MB" au "mega" na kuendelea, na katika maandishi ya kifupi ni ukubwa wa herufi b tu unaovitenganisha. Zidisha 11 yako kwa 8, upate megabiti 88. Kitu kinachokwenda kwa megabiti 88 hakiwezi kuwa kinapita kwenye njia ya megabiti 20! Barua yako yenyewe ilikuwa na ushahidi kwamba intaneti haihusiki.

Na 88 iko karibu mno na 100. Njia ya megabiti 100 ikishatoa nafasi ya anwani na taarifa zinazoandamana na data, hukuachia megabaiti 11 au 12. Ruta na vikasha vingi vya siku hizi huweza megabiti 1000, ambayo hukupa kama megabaiti 110, na gigabaiti zako 40 zingekwisha kwa dakika sita. Kwa hiyo kuna mahali fulani njia imebanwa ikawa 100, na mimi ningeanza na waya. Tazama kile kichwa cha plastiki angavu mwishoni mwa kebo, ukielekeze dirishani. Utaona nyuzi nane zimejipanga: ya chungwa, ya kijani, ya buluu, ya kahawia, na kila moja na mwenzake mweupe mwenye mstari wa rangi hiyo. Kasi ya 1000 inazitaka zote nane. Ile ya 100 inatosheka na nne. Mmoja wa zile nne nyingine ukikatika kwa kukunjwa nyuma ya meza, vifaa vingi hushuka hadi 100 bila kulalamika, na kazi inaendelea, ila inajikokota. Kwenye mipangilio ya kikasha kuna mahali panapoandikwa kasi ya kiungo. Ukikuta 100, badilisha kebo kwanza, kisha uangalie kama ruta, au swichi (kifaa cha kuunganishia kebo kadhaa za mtandao) kama unayo, ni ya zamani isiyozidi 100.

Usishangae pia ukiona picha ndogondogo elfu tatu zinachelewa kuliko video moja yenye uzito uleule. Kila faili lazima lifunguliwe, liandikwe, lifungwe. Kubeba gunia zima si sawa na kubeba gorogoro moja moja.

Mengine ni madogo. Faili naliweka katika ngeli ya LI-YA, faili hili, mafaili haya, kama ulivyofanya. Faili hii, faili hizi utazisikia kila mahali na sizipigi vita. "Uko polepole" ni ya mazungumzo, kwani polepole ni kielezi na hupenda kuandamana na kitenzi. Ukiandika, sema unakwenda polepole, au kasi yake ni ndogo.

Basi ukimwita fundi, mwambie hivi: "Nikinakili mafaili kutoka kompyuta hadi kwenye kikasha cha diski, kupitia mtandao wa ndani, kasi haizidi megabaiti 11 kwa sekunde. Intaneti haina shida." Fundi anayeijua kazi yake akisikia hiyo 11 ataomba kuiona kebo.