Usimwulize Alifungwa kwa Kosa Gani

Katika mwaka wangu wa kwanza kazini, kwenye hospitali moja ya mkoani Lindi, aliingia chumbani mwangu mzee aliyekuwa akikohoa kwa wiki kadhaa. Nilimwambia, "Karibu mzee, kaa," lakini badala ya kukaa kitini alichuchumaa kando ya meza, mikono magotini, akajibu, "Ndiyo, afande." Nilipong'amua ametoka wapi, nilimwuliza alifungwa kwa kosa gani, kisha nikaandika neno MFUNGWA juu ya jalada lake kwa kalamu nyekundu. Kikopo cha makohozi nilichompa hakikurudi maabara, na yeye sikumwona tena. Kosa lile lilikuwa langu, nami huanza nalo kila ninapopokea madaktari walio katika mafunzo kwa vitendo.

Nilichohitaji kujua siku ile ni alilala na watu wangapi na kwa muda gani, kama jirani yake alikuwa akikohoa, alipewa dawa gani na nani aliyekuwa akimtunzia. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba kifua kikuu magerezani ni takriban mara 10 zaidi ya uraiani, kwa sababu watu wengi hulala katika chumba kisichopitisha hewa ya kutosha. Ninawafundisha vijana kumwuliza kila anayekohoa kama katika miaka ya karibuni amelala bwenini, dagoni (kambi ya wavuvi) au gerezani, kwa sauti ileile, ili aliyetoka gerezani asijione ametengwa na mvuvi wa Kilwa aliyetangulia kwenye foleni. Wapo wanaolalamika kwamba muda hautoshi. Swali hilo halimalizi dakika moja.

Matibabu mengi hukatikia getini. Tiba ya kawaida ya kifua kikuu ni ya miezi 6, miwili ya kwanza kwa dawa nne na minne inayofuata kwa dawa mbili, lakini mahabusu anayeachiwa na mahakama mchana hupanda gari la kwenda kwao, huku vidonge vyake vikibaki gerezani. Wengine hutoka kwa msamaha wa Rais, unaotolewa kwa mujibu wa ibara ya 45 ya Katiba na mara nyingi hutangazwa siku ya Uhuru au ya Muungano. Tarehe 9 Desemba 2019 peke yake walisamehewa wafungwa 5,533. Huo ni wakati ambao korosho bado zinauzwa huku Kusini, na mtu wa Newala au Nachingwea aliyeachiwa ghafla atawaza kwanza mikorosho yake imeangukia mikononi mwa nani, na simlaumu. Kwa hiyo, kabla ya kuanzisha dawa upya, daktari aombe ridhaa ya mgonjwa, kisha awasiliane na zahanati ya gereza kujua alifikia dozi ipi. Akiishi mbali, ahamishiwe rasmi kituo cha karibu na kwao, na tarehe ya kurudi isizidi wiki mbili.

Wiki hizo mbili zina historia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu walioachiwa katika jimbo la Washington, Marekani, ulionyesha kwamba hatari yao ya kufa katika majuma mawili ya kwanza ilikuwa mara 12.7 ya wakazi wengine wa jimbo hilo, na sababu iliyoongoza ilikuwa kuzidisha dawa za kulevya. Sababu hiyo siyo ninayokutana nayo zaidi hapa, na takwimu hizo sizihamishii Lindi, ila pengo la huduma nalitambua. Kliniki iliyoanzishwa San Francisco mwaka 2006 iliajiri wahudumu wa afya ya jamii waliowahi kufungwa wenyewe, wazo ambalo nimeliiga kwa kiasi kidogo: mgonjwa wangu mmoja wa zamani huja kuketi na madaktari wapya kwa saa moja.

Huwaonyesha namna walivyochuchumaa gerezani wakati wa kuhesabiwa, kisha huwataka waeleze kila wanachotaka kufanya kabla hawajamgusa mtu au kumwambia avue shati. Mara ya kwanza alipokuja, alitazama chumba changu akasema, "Daktari, ukikaa kati yangu na mlango, sijui kama natibiwa au nahojiwa." Kiti cha mgonjwa sasa kiko upande wa mlango, na mimi ndiye ninayekaa ukutani.